Pembe ya Kaskazini-Mashariki

Jumatatu, 3 Juni

Picha ya Voahangy imekubaliwa! Kwenye makumbusho! Itatundikwa ukutani, jina la mwanangu chini yake, watu wapite wakiinua shingo! Nimeandika hili kwanza, mengine yatafuata. Sufuria inaungua. Iungue.

Haya, mengine. Makumbusho ya mji wetu yanafanya maonyesho mpaka sikukuu ya uhuru. Upande mmoja vitu vya zamani: mikeka, vijiko vya pembe, kile kiti cha kubebea wakubwa. Upande wa pili kazi za vijana. Siku ya ufunguzi atakuja Bi Noro kutoka Antananarivo, mwenye karakana kubwa ya wachoraji. Atachagua kijana mmoja akajifunze kwake mwaka mzima. Mmoja tu. Voahangy kaniambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, kwamba anaitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Huyu binti hajaniomba kitu tangu aache kunyonya.

Nikamuuliza amechora nini. Siri, anasema, mpaka siku yenyewe. Lazima ni malkia.

Nimekwenda sokoni kununua kabichi. Sikununua kabichi. Nimewaambia watu.

Jumatano, 5 Juni

Tojo naye yumo! Tojo wa jirani, anayechora ng'ombe. Ng'ombe tu, hajui kingine. Mama yake alinikuta bombani. Akanisalimu kwa adabu zote, akaulizia afya ya kila mtu nyumbani hadi bata wetu, ndipo akasema amesikia picha ya Voahangy ni ndogo, lakini si neno, hata stempu ni ndogo na watu huitazama. Nikamwambia ng'ombe wa Tojo nimewahi kuwaona na nilifurahi sana, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona viazi vyenye pembe.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi. Kisha wazo likanichoma: picha itatundikwa wapi?

Mtu yeyote aliyelelewa nyumbani kwao anajua. Pembe ya kaskazini-mashariki ni ya wahenga na mgeni wa heshima. Hotuba huanzia hapo, macho huanzia hapo. Kusini-magharibi ni kinu, kuku na viatu vyenye tope. Nikamweleza Baba Voahangy jambo hili kwa kirefu. Akasema nisogeze bakuli kaskazini kidogo, namwagia mchuzi mkeka. Mume wangu si mtu wa maneno.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata njia. Nimemwendea Bwana Ratsimba, mkuu wa makumbusho, nikamwambia meza ya chai haiwezi kukaa uchi mbele ya mgeni wa Antananarivo. Nitaleta vitambaa vyangu vya kutarizi, vile vya maua, bila malipo. Akashukuru mpaka nikaona haya. Hapo nikapenyeza neno, kwamba binti yangu ni mtoto anayestahili mashariki. Akacheka, akasema nisijali, kila picha itapata mahali pake.

Mahali pake! Mtu akikwambia hivyo, jua umeshawekwa kwa kuku.

Ijumaa, 14 Juni

Ukungu tangu alfajiri, jua halikuonekana kabisa. Nimepeleka vitambaa. Uani wamerundika mbao, nikazunguka huku, nikazunguka kule, mwisho nikaingia kwa mlango niliouona wazi. Ndani giza. Madirisha yamefungwa rangi zisichujuke. Kila picha imefunikwa shuka jeupe mpaka kesho, jina limebandikwa chini kwenye karatasi. Hapakuwa na mtu. Bwana Ratsimba nilimsikia nje akigombana na fundi wa spika.

Nikasimama mlangoni, nikapanga pembe zangu. Mlango uko magharibi, kama mlango wa nyumba yoyote ya watu wenye akili. Kwa hiyo kulia kwangu, hapa karibu, ni kusini-magharibi. Nikainama nisome karatasi. VOAHANGY.

Mwanangu kwenye kinu! Na kule mbali kushoto, kaskazini-mashariki, nani? TOJO. Viazi mbele ya wahenga!

Nikavuta kigoda. Nikashusha huyu, nikapandisha yule. Karatasi za majina zilichanika kidogo, nikazibana kwa pini zangu. Shuka sikufunua, mimi nina uaminifu wangu. Nikatandika meza, nikatoka kwa mlango uleule nikiimba wimbo wa kwaya.

Baba Voahangy kauliza mbona nang'aa. Nikamwambia Mungu ni mkubwa.

Jumamosi, 15 Juni

Siwezi kuandika.

Naandika.

Nilifika na watu wangu wote: shangazi zake, kwaya nzima, fundi viatu, hata yule muuza vitumbua alifunga jiko. Tukaingia kwa mlango mkuu, ule wa barabarani. Nikawaongoza kifua mbele hadi pembe ya mbali kushoto, nikawaambia tazameni sasa kazi ya damu yangu. Shuka likavutwa.

Ng'ombe.

Manyunyu yalikuwa yamekatika na jua limetoka. Mwanga wa dirishani uliwaangukia wale ng'ombe mgongoni, na nitasema kweli kwa kuwa hasomi mtu: walifanana na ng'ombe. Msemaji wa shughuli akasimama mbele yao. Akaomba radhi kwa kusema, akaomba radhi kwa umri wake, akaomba radhi kwa kuomba radhi. Muda wote huo Bi Noro alikuwa ameelekea palepale, hatikisiki.

Nikamfuata Mama Tojo kwenye foleni ya chai. Nikamwambia sikioni kwamba mwizi wa pembe ni mbaya kuliko mwizi wa kuku. Akashangaa. Pembe ipi tena, mama wee? Jana asubuhi Tojo alimwambia amewekwa mlangoni pa kuingilia, naye akamwambia mwanawe avumilie, ni mdogo. Leo wamefika wamekuta kapandishwa, na hawajui ni baraka ya nani.

Ndipo nikatazama dirisha. Jua la asubuhi. Linaingia kando ya ng'ombe. Kwa hiyo ng'ombe wako mashariki. Kwa hiyo jana walikuwa magharibi. Kwa hiyo mlango niliopitia...

Niliingia kwa mlango wa uani. Mlango wa mashariki. Mwanangu alikuwa ameshawekwa pembe ya heshima, nami nimemshusha kwa mikono yangu hii.

Nikageuka kumtafuta. Kulia kwa mlango mkuu watu walikuwa wametundika makoti yao yaliyolowa, moja juu ya jingine, juu ya kitu fulani ukutani. Koti la juu kabisa lilikuwa la Bi Noro mwenyewe.

Alimchagua Tojo. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mikono haikujua la kufanya.

Walipoondoka nikatoa makoti yaliyobaki. Shuka bado lilikuwa juu, hakuna aliyekumbuka hata kulivuta. Nikalivuta mimi.

Si malkia. Ni mimi. Nimelala juu ya kitambaa cha kutarizi, mdomo wazi, sindano mkononi, uzi mwekundu umenata mdomoni. Nimechoka, nimezeeka, na nimependeza kuliko nilivyowahi kupendeza. Sikujua kama kuna mtu nyumbani kwetu ananitazama hivyo.

Voahangy alikunja lile shuka vizuri, pembe kwa pembe. Akasema Mama twende, mchele haujachambuliwa.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda kanisani. Nilisema kichwa. Baba Voahangy aliniletea maji ya ukoko wa wali, akakaa kitandani, akasema ile picha inafanana nami sana, hasa sauti. Nadhani alitaka kunichekesha. Nililia.

Jumanne, 18 Juni

Mama Tojo alikuja na vitumbua. Nilitaka kujificha nyuma ya pazia, akaniona miguu. Akasema jana alirudi makumbusho kuitazama picha ya Voahangy. “Mwenzangu,” akasema, “wewe unakoroma hata ukutani!” Kisha akasema alikaa mbele yake mpaka walipomtoa wafunge. Naye hakumbuki kama kuna mtu amewahi kumtazama akiwa amelala.

Halafu akasema, akiangalia vitumbua, kwamba bombani sasa wanamwita mwizi wa pembe. Kumbe lile neno langu la sikioni lilisikika mpaka kwa fundi wa spika.

Nikaenda bombani palepale. Nikatangaza kwamba Mama Tojo hana kosa. Wakauliza basi ni nani aliyebadilisha. Nikasema huenda ni upepo.

Jioni kaja Bwana Ratsimba. Alikuwa ameusikia huo upepo. Akafungua kiganja: pini zangu, vichwa vyekundu, zile ambazo mji mzima hakuna mwingine anazo. Akauliza kwa upole ni upepo upi huo unaotembea na pini. Akasema aliiweka picha kaskazini-mashariki siku ileile alipoiona, maana aliiona ni ya wahenga, na alitamani iwe mshangao kwangu.

Bora angenitukana.

Baada ya chakula nikamwendea Voahangy. Nikamwambia ni mimi. Akasema anajua. Alizijua zile pini tangu Jumamosi alipoinama kusoma jina lake chini ya makoti. Siku zote hizo kanichambulia mchele bila neno! Nikamuuliza kwa nini hakunisema. Akasema aliniona nilivyopiga makofi.

Alhamisi, 20 Juni

Kuna mlango mwingine! Bi Noro atarudi siku ya kufunga maonyesho, kumchukua Tojo. Bwana Ratsimba amempigia simu, amemwambia kuna picha moja hakuiona. Bi Noro kasema ataitazama, na kama ni kweli, karakana yake haishindwi kuongeza kiti. Picha imesharudishwa kwenye pembe yake.

Voahangy amenishika mikono yote miwili. Kasema, “Mama, nakuomba. Safari hii usisaidie.” Nimeapa. Nimeapa kwa jina la mama yangu.

Jumapili, 23 Juni

Vitambaa vimefuliwa, vimepigwa pasi. Nitavipeleka Jumanne, kwa mlango wa uani, wakati wote wako nje kuwafungia watoto taa zao za karatasi za mkesha wa uhuru. Si kusaidia. Ni kuhakikisha. Bwana Ratsimba ni mtu mwema lakini ni mwanamume, na wanaume huamini macho yao.

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikwenda bila kipimo. Sasa nimeazima dira ya maskauti wa kanisani, ile ya sindano inayocheza. Naitunza kwenye kopo langu la kushonea, chini ya ile sumaku kubwa ya kuokotea pini, isije ikapotea. Nimeijaribu leo mezani hapohapo kando ya kopo. Ajabu kubwa! Kaskazini iko jikoni! Miaka yote hii tumelala vichwa kusini, ndiyo maana mambo hayaendi. Nimegeuza kitanda. Baba Voahangy ametazama kitanda, ametazama jua, amechukua mto wake amekwenda kulala kwa kaka yake.

Watu wangu wote wameshaambiwa: shangazi, kwaya, fundi viatu, muuza vitumbua, na Mama Tojo atakaa nami mbele. Nimewaambia wasitazame mlangoni, waende moja kwa moja pale nitakapowaonyesha mimi. Ni Jumatano, tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi.