Pakiti Hewa

Jumanne, 4 Machi
Leo nimeteuliwa fundi mkuu wa mtandao wa nyumba. Nimejiteua mwenyewe. Dada ana usaili wa kazi ya maabara Ijumaa saa nne asubuhi, kwa video, na ile kompyuta kuukuu ya sebuleni inayotugawia intaneti inaganda kila siku kama mbuzi aliyeona gari. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia, dada, kiini cha mfumo nakijua kama mfuko wa suruali yangu. (Mfuko una tundu. Hakuuliza.)

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma kutwa msimbo wa hicho kiini, yaani maagizo ya ndani kabisa yanayoiendesha kompyuta. Utamu! Kumbe humo ndani kuna mpangaji. Kila kinachotoka kinakatwa vipande, ndizo pakiti, naye anaamua ipi itangulie. Ana foleni kubwa, mzazi, na chini yake foleni ndogo, watoto. Mzazi ana kaunta, namba inayohesabu pakiti zinazongoja. Mtandao ulipoganda nikachungulia. Kaunta inasoma moja. Foleni za watoto tupu! Sasa moja ipi? Ya nani? Chai imepoa, sijali. Ni pakiti hewa, na mzazi kasimama kuingoja! Binamu yangu Miwani, msomi wa chuo, akasema nisiguse mpaka tujue imetoka wapi. Wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa hii hapa: foleni ya mtoto ikiisha, kaunta ipunguzwe moja zaidi. Mstari mmoja! Miwani bado anachora mishale kwenye daftari, maskini. Nikajenga kiini upya, kompyuta ikanguruma kama mashine ya kusaga. Nikajaribu mara moja. Ikakubali. Ya nini mara ya pili? Nimeizima ipumzike. Sijamwambia mtu. Nataka washangae.

Ijumaa, 7 Machi
Wameshangaa.
Saa nne na dakika tatu dada kaganda, kinywa wazi, katikati ya neno "uangalifu". Mbio kwenye kaunta. Haisomi moja. Inasoma 4,294,967,295! Bilioni nne zinangoja! Nyumba yenyewe tuko wanne! Kumbe leo hewa haikuwepo. Nimetoa moja kwenye sifuri, na kaunta hii haijui namba za chini ya sifuri, ikaruka hadi kubwa kuliko zote ilizo nazo. Ajabu tupu! Ningeitazama zaidi, ila dada aliniita jina ambalo mama alishalipiga marufuku. Miwani akawasha kiini cha zamani. Dakika sita. Dada akawaomba radhi wasaili, akawaeleza kwamba ana mdogo wake wa kiume. Mmoja akasema hata yeye anaye. Wakacheka. Sijui kilichochekesha.

Jumamosi, 8 Machi
Dada kapata kazi! Atasaini mkataba kwa video Jumatatu. Miwani kaikamata hewa: foleni ya mtoto ikijaa hutupa pakiti bila kumwambia mzazi, naye mzazi anaendelea kuihesabu. Kaongeza mstari wa kumwarifu. Nimeukagua, si mbaya. Mama akasema sheria hiyohiyo inanihusu: kabla ya kugusa, sema. Nikaapa.

Jumapili, 9 Machi
Nimechungulia tu. Kaunta inasoma moja! Miwani alisema moja yaweza kuwa pakiti halali, inangoja zamu. Zamu gani, Jumapili, nyumba nzima imelala mchana? Kesho ni mkataba. Siwezi kuchezea riziki ya dada.
Nimepunguza moja. Moja tu.
Sijamwambia mtu.