Ngano Haina Hatia

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Vipimo vya Chiriku vimerudi: seliaki, ule ugonjwa wa utumbo kuikataa ngano, hakuna. Binti yangu ana miaka saba, na tangu mwaka uanze, kila akila mkate tumbo linajaa kama ngoma. Analala chali sebuleni, domo lake lote kimya. Mama mkwe alishatoa hukumu: ni ngano. Ananiambia hivyo mimi, mwoka mikate, mwana wa mwoka mikate! Nimeikunja karatasi ya vipimo nikaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Daktari ndiye aliyeharibu. Kasema karatasi ni njema, ila tumbo la mtoto halisomi karatasi; wapo wanaosumbuliwa na ngano bila kuwa na seliaki. Tuiondoe wiki mbili, tuandike kila anachokula, turudi. Nimejitolea kuandika mimi. Mwenye kalamu ndiye mwenye kesi.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbili bila ngano. Chiriku karuka kamba hadi jirani akalalamika. Bahati tu. Mimi nashuku maziwa. Nimeandika MAZIWA kwa herufi kubwa. Mama mkwe kasoma daftari, akauliza maziwa yapi, maana mtoto wiki nzima anakunywa chai ya rangi. Nimefuta.

Ijumaa, 7 Machi
Wazo! Nitamwokea mwenyewe mkate wa unga wa mchele. Wa kwanza: tofali. Wa pili ulivunjika kabla sijaugusa. Wa tatu, ajabu! Chiriku kala vipande viwili. Mama mkwe kasema unalika. Kwake hiyo ni hotuba.

Jumamosi, 8 Machi
Tumbo limevimba. Mtoto kajikunja kwenye kochi, analia polepole. Mke wangu kamshika miguu, mimi nimemkanda kwa chupa ya maji moto. Nimeumia kweli. Lakini, Mungu anisamehe, upande mmoja wa moyo ulikuwa unapiga vigelegele. Mkate hauna ngano, tumbo limeuma. Basi ngano haina hatia! Nimeandika hivyo daftarini na kupiga mstari mara mbili, kisha nikawatangazia jikoni. Mke wangu kanitazama vibaya. Mama mkwe hakubisha. Kaomba tu nimwonyeshe ninavyooka.

Jumapili, 9 Machi
Tumeingia chumba cha tanuri, yeye kavaa kanga ya kazi, mimi aproni safi. Nikapima unga wa mchele, nikakanda, donge likanata mezani. Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe kwenye debe la kona, ukachota, ukanyunyiza meza. Fwaa! Kisha tena, chini ya donge na juu yake. Mama mkwe kauliza debe lile lina nini.

Ngano.

Miaka ishirini mkono huu unanyunyiza meza bila kuniomba ruhusa. Nikakaa juu ya gunia. Nilingoja aniambie nyani haoni kundule. Kanipangusa tu unga begani, akatoka. Heri angenitukana.

Nikaenda kumwomba Chiriku msamaha. Kasema alijua tangu kipande cha kwanza, kwa chini kilinuka ngano. Mtoto wa mwoka mikate huyu, pua yake haidanganyiki! Nikamuuliza kwa nini basi alikula na cha pili. Kasema kwa sababu nilikuwa namtazama mdomo. Kasema huwa namtazama hivyo siku zote, na asipotafuna mimi sura inanishuka.

Nimelia. Si kidogo.

Jumanne, 11 Machi
Nimebadilika, mtu mpya kabisa. Daftarini nimeandika ukweli wote, hata debe. Zile wiki mbili za daktari tumeanza kuzihesabu upya. Mkate wa mchele sasa naokea jikoni kwa mke wangu, meza imesuguliwa mara tatu, na unga wa ngano haupiti mlangoni. Chiriku karudia kamba. Nimemwapia mbele ya bibi yake kwamba sitamtazama tena anapokula.

Na sitamtazama. Nimetundika kioo kidogo juu ya kabati la vyombo. Nikikaa nimempa mgongo, mdomo wake unaonekana wote, hadi pengo la jino. Mama mkwe kauliza kioo cha nini. Nimemwambia cha kunyolea ndevu. Kauliza, jikoni? Nimemwambia ndiyo, jikoni, kuna mwanga mzuri.