Mashine Nje ya Uzio

Jumatatu, 7 Aprili

Daktari amenisikiliza kifua kwa muda mrefu mno. Kisha akavua vile vifaa vyake masikioni polepole, kama mtu anayevua kofia msibani. Akasema moyo umechoka, mzee wangu. Nikauliza umechoka kiasi gani. Akasema nisipande ngazi, nisibebe mzigo, na zaidi ya yote nisijitie wasiwasi. Tangu hapo nina wasiwasi wa kupata wasiwasi.

Basi nimeamua kukiri kila kitu humu kabla sijaondoka. Binti yangu atakapoisoma shajara hii nitakuwa nimeshazikwa, naye atakosa wa kumgombeza.

Habari kubwa! Chuo kikuu kinajenga Kituo cha Ubunifu na Uchumi. Makamu Mkuu wa chuo, niliyemfundisha mwenyewe mambo ya joto na mvuke, amenipigia simu. Kituo kitapewa jina la profesa mstaafu ambaye alichokibuni kimetoka chuoni kikawafaa watu. Tumebaki wawili. Mimi, kwa kikaushio changu cha nafaka. Na Majivu.

Majivu ndiye aliyebuni jiko la kuni lisilotoa moshi. Ofisi zetu zilipakana mpaka tulipostaafu. Jina hilo nilimpa mimi, likamganda.

Sharti ni moja. Ijumaa kamati itakuja kuona mashine ya kila mmoja wetu ikifanya kazi nje ya uzio wa chuo. Makamu alilisema kwa upole, kama anayemwambia mtu habari ya msiba: Mwalimu, nje ya uzio. Nikamjibu hakuna shida, mbona inafanya kazi kila siku! Nikakata simu. Moyo ulikuwa unapiga mateke kama mbuzi aliyefungwa.

Kikaushio changu hakijawahi kuvuka uzio. Kiko stoo ya idara, kimefunikwa turubai. Kimenipa uprofesa. Kimenipandisha ndege. Kimekausha makala nyingi sana, zote zimechapishwa. Mahindi kimekausha mara moja, kwa ajili ya picha.

Sitaki kufa hivi. Nataka nikione kinamfaa mtu hata mmoja. Na nataka jina langu juu ya ule mlango.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekipata! Nilimwambia mtunza stoo ninakitoa kwa matengenezo. Akauliza kwa idhini ya nani. Nikashika kifua, nikayumba kidogo. Loo, alivyofungua milango! Ninakiri: kifua hakikuwa kinauma. Kilianza kuuma baadaye, njiani, kwa hofu ya huo uongo.

Kimevuka barabara kwa mkokoteni hadi uani kwetu. Kabati la bati refu kuliko mimi, tanuri chini, bomba la moshi juu, na trei za wavu ndani. Tanuri linakula magunzi ya mahindi. Hewa ya moto inapanda, unyevu unatoka. Nilipokibuni nililia machozi.

Tatizo ni nafasi. Binti yangu ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba za wageni, yeye na kina mama wawili. Na mvua haijakatika tangu wiki iliyopita. Mashuka yametundikwa sebuleni, koridoni, hata kwenye mlango wa chumba changu. Naishi kama mtu aliye ndani ya hema la mgonjwa. Bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni ameshamwonya: yakija tena na unyevu, anatafuta dobi mwingine. Binti halali.

Alipoona mashine akauliza, baba, hilo kabati la nini tena? Nikamweleza. Akauliza kama linakausha. Nikaanza kumfafanulia jinsi unyevu unavyohama kutoka kwenye kiini cha punje. Akanikatiza: baba, nimeuliza linakausha au halikaushi.

Nikasema linakausha. Akaliangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumatano, 9 Aprili

Majivu amekuja kunijulia hali. Hali gani! Amekuja kupeleleza. Kaingia na mkongojo wake, kapangua mashuka kama anavuka msitu, kanikuta kitini. Akaniuliza, bado upo tu? Nikamwambia nakusubiri wewe mkubwa utangulie. Akacheka mpaka akakohoa. Nikacheka mpaka nikakohoa. Binti akatuletea maji, akatuomba tufe kwa zamu, maana kitanda kikavu ni kimoja.

Majiko ya Majivu yanatumika. Ninakiri kwamba hilo ndilo linaloniua, daktari hajalijua tu. Mamalishe wote kwenye geti la hospitali wanapikia majiko yake. Lakini nina macho. Nikamuuliza mbona yanatoa moshi. Akasema, ah, wameyapanua midomo ili masufuria makubwa yakae. Moshi umerudi, lakini sasa wanapika.

Alisema hivyo bila haya yoyote! Jiko lisilotoa moshi, linatoa moshi, na aliyelibuni anakunywa maji kwangu na kutabasamu. Nilitaka kumwita binti amtoe nje.

Kabla ya kuondoka akaiona mashine uani. Akauliza nani anaitumia. Nikasema kikundi cha wakulima. Akauliza wako wapi. Nikasema wako shambani, wakulima wakae wapi kwingine? Akapitisha kidole kwenye kutu, akakitazama kidole, akaondoka zake. Kidole kile kimeninyima hamu ya kula.

Nimeagiza gunia la mahindi mabichi sokoni. Ikibidi kamati ione mahindi, itaona mahindi.

Alhamisi, 10 Aprili

Msiba.

Nililala baada ya chakula cha mchana. Nikaamka nikaona moshi unatoka kwenye bomba la mashine yangu. Furaha niliyoipata! Nikatoka na fimbo, mvua inaninyeshea, nikafungua mlango wa kabati.

Mashuka.

Mashuka ya wageni! Trei zangu zimetolewa, zimeegemezwa ukutani kama vitu vya kuuza. Ndani amepitisha fimbo za pazia, na mashuka yananing'inia, makavu, ya moto kama yametoka kwenye pasi. Binti akaja anarukaruka. Baba, hii kitu ni dhahabu! Ulikuwa umeificha wapi miaka yote hii, huku marehemu mama akikamua nguo mpaka vidole vinapasuka?

Nikamwambia ile ni mashine ya nafaka. Mwendo wa hewa umepigiwa hesabu kwa punje, si kwa foronya. Akasema mashuka hayajasoma hesabu zako, baba.

Bibi wa nyumba ya wageni akaja kuchukua yake. Akaliweka shuka moja shavuni, akafumba macho, mtu mzima yule. Akasema ataleta na ya nyumba yake ya pili. Wale kina mama wawili wakapiga vigelegele. Mimi nikaomba kiti.

Nikaamuru kesho kila kitu kitoke, trei zirudi. Binti akasema kesho ndiyo siku ya kupeleka mashuka yaliyobaki. Nikashika kifua. Akasema hicho kifua nikampelekee mtunza stoo, ameshausimulia mtaa mzima.

Tumepatana. Mashine ni yangu mpaka kamati iondoke. Kisha ni yake. Sijui nimetia saini nini.

Ijumaa, 11 Aprili

Niliapa kukiri, nitaandika.

Niliogopa kamati isije ikakuta mashine imepoa. Nikachochea tangu alfajiri. Nikaongeza magunzi. Nikaona hayatoshi, nikaongeza. Wale kina mama niliwapanga pembeni na magunia matupu, wawe wakulima.

Wakaja chini ya miavuli: Makamu Mkuu, mjumbe mmoja mkimya, na mama mmoja mtaalamu wa uchumi. Mama akamuuliza mkulima wangu wa kwanza analima ekari ngapi. Mkulima wangu akajibu, sijui mama, mimi nafua.

Nikawahi kufungua mlango wa kabati. Ingekuwa heri nisingeufungua. Mahindi yalikuwa ya kahawia. Mengine meusi. Punje zikaanza kupasuka na kurukia watu. Mama wa uchumi akaidaka moja, akaitafuna, akauliza kama kuna chumvi. Makamu akaniuliza kwa ile sauti yake ya msibani: Mwalimu, hii ni ya kukausha au ya kukaangia?

Na papo hapo bibi wa nyumba ya wageni akaingia akifoka. Mashuka yake yako wapi, wageni wamekalia magodoro matupu! Binti hakungoja ruhusa. Akachomoa trei, akamwaga mahindi yangu kwenye beseni, akapitisha fimbo zake, akatundika. Huku mikono inafanya kazi, mdomo unaeleza. Bila hili kabati angeshapoteza kazi. Kwa hili kabati anataka kuajiri kina mama wengine. Madobi wenzake wameshaanza kuulizia litengenezwe lingine.

Wakasimama kusubiri. Moto ulikuwepo wa kutosha, hilo nililihakikisha mimi. Mashuka yakatoka makavu. Mjumbe mkimya akayashika, akaongea kwa mara ya kwanza: ala!

Uso wa Makamu ukang'aa kama siku aliyofaulu mtihani wangu. Mwalimu, kumbe! Ndiyo hasa tunayoyahubiri kila mwaka! Kitu kimetoka maabara, kimevuka barabara, kimezaa kazi! Mama wa uchumi anatikisa kichwa kukubali. Makamu akageukia wenzake, akafungua mdomo alitaje jina. Jina langu! Nililiona limeshafika kwenye meno.

Nikanyoosha kidole.

Nikasema waheshimiwa, kwa heshima ya taaluma, mnachokiona ni matumizi mabaya ya chombo. Nikawaeleza mwendo wa hewa. Nikawaeleza kiini cha punje. Mvua inanyesha. Nikawaambia siwezi kuweka jina langu kwenye kabati la foronya. Binti ananikonyeza, ananivuta shati, ananiita baba, baba, baba. Makamu akauliza taratibu: Mwalimu, una maana hii tusiihesabu?

Nikasema kisayansi, haihesabiki.

Binti akajifunika uso kwa shuka.

Jumapili, 13 Aprili

Kituo kitaitwa kwa jina la Majivu.

Makamu amepiga simu, amehuzunika kweli. Anasema walikwenda getini kwa mamalishe, wakakuta moshi umetanda. Wakamuuliza Majivu kama yale majiko ni yake. Akajibu jiko ni langu, moshi ni wao. Wakacheka, wakala, wakapiga kura.

Nilimwambia Makamu hiyo si sayansi. Akasema ni kweli, Mwalimu. Halafu akasema chuo kinamwachia binti mashine, na wanafunzi watakuja kuunda nyingine kubwa zaidi hapa hapa uani, waone inavyotumika. Akaniomba niwe nawaangalia nikiwa kitini, nikijaliwa. Nilifikiri ananidhihaki. Sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Binti hasemi nami tangu Ijumaa, ila amenitandikia. Uani kumejaa watu. Madobi wa mitaa mingine wamekuja kutazama, wanaligusa kabati kama ng'ombe wa kununua. Kina mama wamekuwa wanne. Mmoja amenipita dirishani, akasema shikamoo profesa, Mungu akuweke. Nikaitikia marahaba, basi. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Kifua kimebana leo, na safari hii si cha mtunza stoo. Muda ni mfupi. Kwa hiyo nimeomba karatasi, nimeanza makala mpya, ya mwisho ya maisha yangu. Inaitwa “Kutofaa kwa Kikaushio cha Nafaka katika Ukaushaji wa Nguo.” Utangulizi umeshakamilika, na ni mkali. Kinachokosekana ni ushahidi. Kesho binti akitoka kupeleka mizigo nitajikokota mpaka uani, nizibe bomba la moshi kidogo tu, nione wataringa na nini. Nikifa kabla sijafika kwenye hitimisho, Makamu aambiwe hitimisho ni hili: nguo hazikauki.

Naandika haya kitandani, mvua inagonga bati, nimejifunika shuka kavu ambalo bado lina joto la mashine. Sijalala vizuri hivi tangu mama wa binti yangu alipofariki.

Hilo sitaliweka kwenye makala.