Kitambaa cha Mama Mkwe Ndani ya Mashine ya Taipu

Wenzangu, leo nimekwisha. Naandika haya kwa kalamu, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu mashine ya taipu siitaki kuiona mpaka Jumatatu. Na huenda Jumatatu nikaugua.

Ninyi tuliosoma pamoja taipu kule Kisumu mnanijua. Mnajua maringo yangu vidole vikishakaa juu ya vitufe. (Mlinionya. Sikusikia. Endeleeni tu kusoma.)

Tuanze asubuhi. Hapa kwenye ofisi ya ushirika wa pamba, Homa Bay, tuko watatu: karani mkuu, mimi Zablon, na Mama Perpetua, mjane mmoja mpole anayepiga taipu kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama. Akitaka kufika katikati ya karatasi, Mama Perpetua hubonyeza ufito wa nafasi. Tak. Tak. Tak. Huku anahesabu kwa mdomo. Ukimsemesha anasahau alipofika, anaanza upya.

Mimi siendi hivyo. Mimi naweka vituo. Mnakumbuka: unaviweka vituo kwenye mashine asubuhi, halafu ukibonyeza kitufe cha kuruka, gari, kile chuma cha juu kinachobeba karatasi, linakimbia lenyewe mpaka kwenye kituo na kusimama. Mguso mmoja tu. Nina kitufe cha kurudi nyuma, nina kitufe cha kuvuka ukingo, natembea karatasi nzima bila kuinua mkono na bila kutazama. Mtu akiingia ofisini huwa naongeza mwendo kidogo. (Sawa, si kidogo.)

"Mama Perpetua," nilimwambia leo asubuhi, "kwa mwendo huo pamba ya mwaka huu utaichapa mwakani."

"Nitafika tu," akasema. "Na nikifika nitajua nilikopita."

Nikacheka sana. Kikumbukeni hicho kicheko, tutakirudia.

Jambo moja zaidi kumhusu. Vituo vyangu havipendi. Gari likiruka, moyo wake nao unaruka, ndivyo asemavyo. Kwa hiyo kila akiketi kwenye mashine anavifuta vyote. Mimi nikirudi naviweka tena. Tumeishi hivyo tangu ofisi iletewe hii mashine mpya yenye gari refu, la kuchapia yale makaratasi mapana ya mizani. Gari refu, meza fupi. Likifika mwisho linatokeza nje ya meza upande wa kushoto, na sote tumezoea kupitia mbali.

Sasa ya moyoni. Mnajua nataka kumwoa Achieng', mwalimu wa Kendu Bay. Baba yake hayuko tena, kwa hiyo neno liko kwa mama yake na kwa mjomba wake, Nashon. Mjomba ananipenda. Mama ana mashaka. Kuna mwanaume mwingine, mchimba dhahabu wa Macalder, ambaye akienda kusalimia hufika na matope hadi magotini. Mama akasema, "Huyo kazi yake naiona miguuni. Huyu wa Homa Bay ana mikono laini kuliko ya binti yangu." Achieng' aliniambia hayo mwenyewe, akicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Jibu lilikuwa litolewe Sabato, yaani kesho Jumamosi, maana leo ni Ijumaa.

Ninyi mliotoka Isebania mna mila zenu, lakini kwetu Wajaluo mama mkwe hasogelewi. Humpi mkono. Huketi ubavuni pake. Huli mbele yake. Humkazii macho. Yeye naye hakukazii. Bado hajawa mama mkwe wangu, lakini mimi heshima nilishaianza mapema, isije ikasemwa nilichelewa.

Baada ya chai ya asubuhi nikatoka kidogo kwenda posta. Niliporudi nikaketi mbele ya mashine, kwenye kiti cha karani mkuu, kwa sababu yeye alikuwa amekwenda Migori. (Ndiyo. Kwenye kiti chake. Ndicho chenye mto.) Mara namwona Mjomba Nashon dirishani. Mjomba akifika mlango wa ofisi yoyote huanza Kiswahili, hata kama ndani ni Wajaluo watupu.

"Sisi tunapita tu," akasema. "Mama ametoka kuona mgonjwa hosipitali. Nikamwambia, wacha tuone hiyo kazi ya kijana. Kwa dirisha tu. Hatuingii."

Nyuma ya bega lake nikaona kitambaa cheupe cha kichwani, cheupe pe, kile cha kwendea kanisani. Nikatazama dari upesi.

Wangebaki dirishani, leo ningekuwa nawaandikia habari njema. Lakini mvua ya ziwani haibishi hodi. Ilimwagika mara moja, na heshima ikabidi iingie ndani pamoja na watu.

Ofisi yetu ni nyembamba. Kulia kwangu ni ukuta na kalenda. Kushoto, karibu kabisa na meza, kuna kigoda kifupi cha Mama Perpetua. Hakukuwa na pengine pa kuketi, na Mama Perpetua akasimama kumpisha mgeni. Mama wa Achieng' akaketi pale, akanipa mgongo kama inavyotakiwa, akalegeza kitambaa kilicholowa na kukifunga upya kijuujuu, ncha ikining'inia nyuma. Haya nimeambiwa baadaye. Mimi nilikuwa nimegeukia kulia, nasoma kalenda, na sijawahi kuisoma kalenda kwa bidii vile.

Mazungumzo yakaanza, kupitia kwa mjomba. Mama alisema Kijaluo, nawawekea kwa Kiswahili msipitwe.

"Muulize kama hapa ndipo anaposhinda."

"Zablon, hapa ndio unashinda?"

"Mwambie ndiyo."

"Anasema ndio."

Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia akipumua, lakini kila neno lilibidi lizunguke mpaka mlangoni kwa mjomba kwanza.

"Muulize kama kazi hii inamchosha."

"Unachokanga?"

"Mwambie ni kazi ya akili."

Mjomba akapeleka. Mama akasema, akiuambia ukuta, "Yule wa Macalder huchoka."

Hilo mjomba hakulipitisha. Halikuhitaji kupitishwa. Lilinichoma, wenzangu, siwafichi. Nikaona Sabato inakuja, nikaona matope ya Macalder yanaketi kwenye kiti changu mezani kwa Achieng'. Mtu mwenye busara angenyamaza, mvua ikatike, watu waende zao.

"Mjomba," nikasema, "nipe maneno yoyote niyachape. Sitatazama mashine. Sitatazama karatasi. Nitatazama kalenda tu."

"Zablon, ngoja kwanza," akasema Mama Perpetua kutoka pembeni.

"Mama Perpetua, wewe pumzika."

(Mnajua alichotaka kuniambia. Mimi peke yangu ndiye nisiyejua.)

Mjomba akafikiri. "Andika ya kukaribisha sisi. Weka heshima ndani."

Nikaingiza karatasi, nikakunja mikono ya shati, nikainua uso kwenye kalenda. Maneno ya ukaribisho lazima yaanzie katikati, yakae kama kichwa cha habari. Kwa hiyo nikabonyeza kitufe cha kuruka, kwa kidole kidogo, kwa madaha.

Gari likaruka. Katikati likapita. Halikuwa na kituo hata kimoja cha kulizuia, maana Mama Perpetua alikuwa ameketi hapo nilipokwenda posta na kuvifuta vyote, kama kawaida yake. Likaenda mbio mpaka mwisho kabisa, likatokeza nje ya meza, na ule mkono wa chuma ulio kwenye ncha yake ukajiingiza ndani ya kifundo cha kitambaa cha mama. Kengele ikalia. Ting.

Hapo ningesimama, mambo yangekuwa madogo. Lakini mnakumbuka tulivyofunzwa. Kengele ikilia, mkono wa kushoto unakwenda wenyewe, unalisukuma gari lirudi. Tulipigwa rula mpaka mkono ukajua njia bila kutuuliza. Basi mkono wangu ukaenda. Nikahisi uzito kidogo. Nikasema moyoni, ni unyevu wa mvua. (Unyevu!) Nikasukuma kwa nguvu zaidi.

Gari likarudi, na kitambaa kikaja nalo.

Nikaanza kuchapa. Kwa heshima kubwa nawakaribisha wageni wetu kutoka Kendu Bay. Vidole vinatiririka, macho kwenye kalenda. Mabati yalikuwa yanapigwa na mvua, sikusikia kitu kingine. Nilichosikia ni kwamba watu wamenyamaza. Nikasema, leo wameduwaa. Nikaongeza mwendo, nikarudia sentensi ile ile mstari wa pili, ili waone haikuwa bahati.

"Yawa," akashangaa mjomba kwa Kijaluo, polepole.

Nikaipokea kama sifa. Nikachapa mstari wa tatu.

"Unaona, mjomba?" nikauliza, bado nasoma kalenda.

"Zablon," akasema Mama Perpetua. "Geuka." Halafu upesi, "Hapana, usigeuke."

Sikugeuka. Niliteremsha macho tu, mpaka kwenye mashine. Wenzangu, kulikuwa na nguo mle ndani. Nguo nyeupe, imelala juu ya karatasi yangu, imeingia chini ya mpira unaozungusha karatasi, na juu yake, kwa wino mweusi, imeandikwa heshima kubwa. Na chini yake, heshima kubwa. Na chini yake tena, maana nilikuwa fundi sana siku ya leo.

Nikaelewa kwa nini nisigeuke. Mama wa Achieng', mtu ambaye sitakiwi hata kumtazama usoni, alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwangu kichwa wazi, akijifunika nywele kwa mikono yote miwili, na aliyemvua ni mimi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona.

Nikakivuta kitambaa. Hakikutoka. Nikazungusha gurudumu la pembeni ili kitoke, kikaingia zaidi. Nikazungusha upande wa pili, kikatoka, na wino ukapakaa. Sasa nakirudishaje? Kumpa mkononi siwezi. Kumgeukia siwezi. Nikakipeleka nyuma ya mgongo wangu, nikakipungapunga hewani nikimtafuta mjomba, na mjomba hakukipokea kwa sababu alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, anacheka mpaka machozi yanamtoka. (Huyo ndiye aliye upande wangu.)

Mama Perpetua ndiye aliyekichukua. Akakikung'uta. Akakinyoosha mbele ya dirisha, akakisoma kwa sauti kama mtu anayesahihisha.

"Hakuna kosa hata moja," akasema. "Taipu safi kabisa."

Nilimtania asubuhi, akanilipa mchana, na hakubakiza hata sehemu ndogo ya malipo.

Mama akakifunga kitambaa. Nilisikia akikikaza, safari hii kwelikweli. Kisha akasema, "Mwambie."

Mjomba akajifuta machozi. "Nimwambie nini?"

"Mwambie kazi yake sasa nimeiona. Yule wa Macalder huinama mchana kutwa akitazama chini, na siku nyingi hurudi mikono mitupu. Huyu hata hatazami, na amepata kitambaa."

"Anasema yule wa Macalder anainama siku mzima..."

"Mjomba, nimesikia."

"Wacha nimalize," akasema mjomba, na akayapitisha yote, neno kwa neno, hakuacha hata moja.

Mvua ikaanza kupungua. Nikamsikia mama akisimama. Nikawa nangoja waondoke ili nife kwa nafasi.

"Mwambie jibu halitangoja Sabato," akasema.

Niliiangalia kalenda, na nilikuwa siioni tena. Nikamfikiria Achieng' tu, na jinsi atakavyosimuliwa haya jioni, na ni nani atakayemsimulia.

"Mwambie alete mbuzi kwanza, wa kuondoa aibu hii ya leo. Mbuzi mwenye mwili. Halafu alete ng'ombe wa mahari. Mtu akinifunua kichwa mchana, afadhali awe ni mtu wa nyumbani. Kama si wa nyumbani, nitawaeleza watu nini?"

Mjomba akaanza kupitisha. Nikamwambia, kwa heshima yote, kwamba ujumbe huu nao nimeusikia, na kwamba naomba aupitishe mara mbili.

Mlangoni mama akasimama tena. "Na mwambie kitambaa hiki hakifuliwi. Siku ya ng'ombe nitakifunga hivi hivi, maandishi yakae kwenye paji la uso. Wazee wote wanaojua kusoma wasome."

Wakaondoka. Mama Perpetua akaniomba nimpishe kwenye mashine. Akaketi, akaweka karatasi mpya. Tak. Tak. Tak. Sikumcheka.

Basi wenzangu, nimekubaliwa, na nimetiwa alama. Siku hiyo nyote mmealikwa, na najua mtacheka, maana nawajua. Mtaiangalia ile mistari mitatu ya heshima kubwa mpaka mchoke. Mimi peke yangu sitaiona, kwa kuwa mila, namshukuru Mungu, hainiruhusu kumtazama mama mkwe usoni.