Waraka wa Kulinda Mimba Changa

Jumatatu asubuhi, kwa kipaza sauti cha kuazima, ilitangazwa kwamba Idara imeamua kuzilinda mimba changa zote zilizomo ndani ya jengo. Kazi hiyo nzito ilifanywa na Kamati ya wanaume saba, waliojifungia ukumbini siku kumi na mbili wakila na kutafakari. Mwanamke hakuitwa hata mmoja. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati, alieleza kwamba wanawake wana upendeleo katika jambo hili.

Waraka ulikuwa na makatazo mia moja na kumi na manne. Machache yalikuwa na akili, nadhani yalipenya Kamati ikiwa imekwenda kunawa mikono: nyama isiyoiva, mayai mabichi, maziwa yasiyochemshwa, pombe, sigara, dawa za kununua bila kumwuliza daktari. Yaliyobaki yalionyesha jasho la wataalamu. Mjamzito asicheke akiwa amesimama. Asile chakula chenye rangi mbili. Asipande ndege. Asiongoze kikao zaidi ya robo saa. Asitazame picha ya Mkurugenzi aliyepita.

Karani wa masjala aliusoma wote, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alikuwa na mimba ya wiki nane, na hakuwa amemwambia mtu ila mumewe na nesi. Ya kwanza ilimtoka mwaka jana, wiki ya tisa, akiwa ngazini na boksi la mafaili. Nesi alimwambia huenda si boksi, huenda ni boksi, lakini safari hii asibebe.

Na maboksi yalikuwa ndiyo kazi yake. Kila asubuhi maboksi ishirini yalipanda kutoka masjala hadi ofisi ya Mkurugenzi, ghorofa ya tatu, na jioni yakashuka, kwa sababu Mkurugenzi alipenda wageni wamkute na kazi. Lifti ilikuwa imekufa zamani, ikazikwa kwa karatasi iliyoandikwa "Matengenezo".

Katazo la tisini lilisema: "Kubeba mizigo kumekatazwa, isipokuwa mizigo ya Idara."

Akapanda kwa Mkurugenzi na karatasi ya nesi.

"Ombi lako limepokelewa," Mkurugenzi alisema, bila kuipokea karatasi. "Kamati italijadili kikao kijacho."

"Lini, bosi?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Miezi mitatu mimba haitakuwa changa tena."

"Basi tatizo litakuwa limekwisha. Unaona tunavyofikiria mbele? Ukishuka, niletee lile boksi la kijani."

Alishuka, akamkuta mama wa chai amekaa masjalani na birika lake. Akamweleza yote.

"Hebu nisomee hao wajawazito wanajulikanaje," mama wa chai alisema. "Miwani nimeiacha nyumbani."

Karani akasoma. "Kwa kuwa si adabu kumwuliza mtu, mimba itatambuliwa kwa kutazama. Mtumishi yeyote mwenye dalili tatu kati ya tano, yaani tumbo kutangulia, usingizi wa mchana, hasira bila sababu, kwenda haja kila mara na kuchaguachagua chakula, ataandikishwa na mlinzi wa mlangoni."

Mama wa chai akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka kitambo.

"Tatu tu?"

"Tatu."

"Mwanangu, mimi namjua mwenye tano. Ngoja nimpelekee mlinzi chai."

Mlinzi alikuwa mwanajeshi mstaafu. Hakuwa na ubaya na mtu, ila kilichoandikwa alikifuata kama kilivyo. Jumatano mchana dereva alipoleta chakula cha Mkurugenzi, mlinzi akakifungua, akaitoa nyama, akaiweka pembeni. Mkurugenzi akashuka mwenyewe.

"Nyama yangu iko wapi?"

"Ina damu, mheshimiwa. Hairuhusiwi kwa hali yako."

"Hali gani?"

"Hongera. Nilikuandikisha jana saa tisa, ulipokuwa umelala."

Mkurugenzi akapiga meza. Mlinzi akafungua daftari, akaandika polepole: "Hasira, mara ya pili."

"Na nakala imekwenda makao makuu," akaongeza. "Wameifuta tiketi yako ya Ijumaa. Katazo la ndege."

Ijumaa Mkurugenzi alikuwa aruke kwenda kuwafundisha wenzake wa mbali jinsi ya kulinda mimba changa. Jumatano hiyohiyo alifika masjala akihema.

"Nifute humo."

"Kufuta ni kazi ya Kamati, bosi," karani alisema.

"Kamati ni mimi."

"Ndiyo. Ila wajawazito hawaongozi kikao zaidi ya robo saa."

"Basi kikao ni robo saa. Andika nisaini."

Mama wa chai, aliyekuwa ameleta birika lake, alitamka, karani akaandika. Mjamzito ni mwanamke mwenye karatasi ya nesi, na karatasi hiyo inatosha siku hiyohiyo. Habebi mzigo wowote, hata wa Idara. Aliyeandikishwa kimakosa atapewa cheti kwamba hana mimba, na mwenye cheti ndiye atakayebeba mizigo badala yake. Mkurugenzi alisaini bila kusoma, kama alivyozoea. Karani akampigia mhuri cheti namba moja, kisha akaipiga mhuri karatasi yake ya nesi.

Alhamisi asubuhi mlinzi alisoma kifungu kipya mara mbili. Katika jengo zima aliyethibitishwa kwa maandishi kwamba hana mimba alikuwa mmoja tu. Alimsubiri mlangoni, akampokea mkoba, akamwonyesha maboksi ishirini.

"Mimi ndiye niliyesaini," Mkurugenzi alisema.

"Saini nimeiona, mheshimiwa. Ni yako kabisa."

Kufikia boksi la saba tai ilikuwa begani. Karani, aliyeingia wiki ya tisa siku hiyo, alimkuta ghorofa ya pili ameegemea ukuta, naye akawa anapita polepole, mikono mitupu.

"Haya mafaili," Mkurugenzi aliuliza, akitafuta pumzi, "yana nini ndani?"

"Sijui, bosi," karani alisema. "Hujawahi kuyafungua."