Sanduku la Matangazo ya Kale

Jumatatu, 4 Machi
Mkwe wangu ametoa hukumu. Kitanda cha mjukuu kinakuja. Sanduku langu la majarida litoke kabla ya wiki kwisha. Likitaka kubaki, lianze kuleta chochote nyumbani. Sanduku lile! Siku tulipokimbia kwetu, watu walibeba sufuria na magodoro. Mimi nilibeba majarida. Marehemu mke wangu alinikumbusha jambo hilo kila tulipoazima sufuria. Muuza karanga amekwisha kuja kulichungulia. Anataka karatasi za kufungia. Alinisalimu kwa upole wa mchimba kaburi.

Jumanne, 5 Machi
Jirani yangu, Mzee Chupa, huuza chupa kuukuu mtandaoni, basi hujiona waziri wa biashara. Nilimeza kiburi, nikamuuliza. Akasema makala zangu za hekima hazina mtu. Wakusanyaji wanataka matangazo. Sabuni, baiskeli, dawa za minyoo. Nimepiga picha, nimeziweka. Mteja wa kwanza aliuliza kama kidole gumba kinauzwa pamoja.

Jumatano, 6 Machi
Amepatikana! Mkusanyaji, mtoto wa kwetu aliyeondoka mdogo, anataka dazeni nzima. Sharti moja tu: yawe katika hali njema. Nimeshinda na mkasi. Nyuma ya tangazo la baiskeli kulikuwa na mwisho wa hadithi niliyojiwekea niisome uzeeni. Nimekata. Sasa, hali njema. Nani wa kunifundisha mimi kutunza karatasi? Katika kuhamahama kwetu kote, iliyookoka ni ile iliyovishwa plastiki. Cheti bila plastiki si cheti. Nikaenda duka la fotokopi, nikayatia yote laminesheni. Fundi akauliza: mzee, hata hili la minyoo? Hilo hasa!

Alhamisi, 7 Machi
Nilimtumia picha. Yanang'aa kama vioo! Akajibu: "Shikamoo, Baba. Umeyazika yangali hai." Eti karatasi kuukuu ikishabanwa ndani ya plastiki ya moto, thamani imekwenda. Mzee Chupa alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema nisihuzunike, angalau mvua haitayadhuru. Nimejaribu kuyavua kwa wembe. Baiskeli imegawanyika: magurudumu upande huu, mpandaji upande ule.

Ijumaa, 8 Machi
Nilijaribu pasi. Heri nisingejaribu. Mkwe aliingia, akatazama moshi, kisha akatazama shati la mumewe nililotandika chini. "Baba," akasema polepole, "hiyo sabuni mbona imekuwa mkaa?" Mimi, niliyesoma vyote nilivyosoma! Nchi niliipoteza kwa vita. Haya ninayaharibu kwa mikono yangu, tena kwa bidii.

Jumamosi, 9 Machi
Muuza karanga alikuja na gunia. Niliupa ukuta uso nisione. Ndipo ujumbe ukaingia. Mkusanyaji kanionea huruma: je, limebaki jarida zima hata moja, lisilokatwa? Nimpelekee lilivyo, na vumbi lake, nisiliguse. Likifika salama, atanunua moja kila mwezi. Mkwe akausoma mara mbili begani pangu. Akamwambia muuza karanga arudi siku nyingine, Baba apewe nafasi. Machozi yalinilenga. Kisha akanigeukia: "Baba, umeelewa? Usiliguse." Nikaapa mbele yao wote.

Jumapili, 10 Machi
Limefungwa, limeandikwa anwani, limekwenda. Ila kabla ya kulifunga nililipeleka dirishani, nikaliona vizuri. Maskini! Pini zimeota kutu, kingo zimeraruka kama sikio la paka mgomvi. Mkwe alikuwa hayupo. Nimeng'oa pini, nimelishona upya kwa uzi mwekundu. Kingo nimezinyoosha kwa mkasi, kidogo tu, pande tatu. Bwana harusi hapelekwi ukweni na ndevu za wiki nzima. Limependeza ajabu. Mwenyewe atashangaa!