Ombi la Admini Kuhusu Waya wa Lifti

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Mawasiliano,

Kwanza pole kwa kazi nzito ya kutulinda na maneno. Mimi ni fundi cherehani, ghorofa ya tano, na admini wa kundi la simu la wapangaji wa jengo letu. Nilipewa cheo hicho kwa sababu nashinda nyumbani. Sasa sheria yako inasema chochote atakachoandika mpangaji, kikikaa kundini, ni kosa langu. Wakili wa mwenye jengo amenikumbusha hayo kwa barua yenye mihuri miwili. Naomba msaada, maana wapangaji hawa watanifungisha.

1. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili aliandika kwamba waya wa lifti umechakaa. Nikafuta. Sijui chochote kuhusu nyaya, na sheria haikunipa muda wa kwenda kuutazama.

2. Akarudi na picha, nyuzi zimechomoza kama pindo lililofumuka. Picha haina maneno, lakini nilipoitazama nilimfikiria vibaya mwenye jengo. Nikaifuta, nikajionya.

3. Mke wangu akauliza kundini kama lifti ni salama. Nikafuta swali. Siku hizi tunaongea kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. Friji ni yangu. Je, nikuletee nakala?

4. Tumebaki na salamu tu. Jana mtu aliulizwa habari za asubuhi, akajibu si nzuri. Nimemtoa.

Nikiacha jambo la kweli likae kundini, nashtakiwa. Nikifuta hata onyo la moto, hakuna wa kuniuliza. Basi nafuta, ingawa inaniuma, kwani mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha binti yangu kusoma. Naomba tufunge kundi, tufunge na ngazi, maana huko ndiko watu wanakosimama kuongea. Wote wapande lifti, mmoja mmoja, kimya.

Wasalimie wote, wa ofisini na wa nyumbani.

Mtiifu wako,
Fundi wa ghorofa ya tano

N.B. Kabla sijafunga bahasha, lifti imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Mke wangu yumo ndani, na ameandika kundini. Mwenye jengo ametajwa kwa jina, na matusi juu. Sijafuta. Mwalimu nimemwomba radhi, picha yake nimeirudisha. Sheria inasema ni kama nimeyasema mimi. Haya, nimeyasema mimi. Mkija kunikamata, pandeni kwa miguu.